Ajali Haina Kinga? Kisa cha Kamba na Kisima cha Madrasa



Wasomaji wetu wamezoea kutukuta katika ukurasa huu tukizungumzia malezi, ndoa na mirathi. Wiki hii tunaomba ruhusa tuingie kisimani, kwani lipo jambo lililotokea mbele ya macho yetu, na sehemu yake ya lawama ni yetu, na tumelinyamazia kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Madrasa yetu ina kisima kilichochimbwa na wazee waliotutangulia. Kina chake ni pima nane, yaani mita 14 na ushei, na kimejengewa kwa mawe ya matumbawe kutoka mdomoni hadi karibu na maji. Maji yenyewe yana chumvi kidogo, hayanyweki kwa raha, lakini yanatosha kutawadha, kufulia na kupigia deki. Katika mji unaotegemea maji ya mbali, ya Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, ambayo leo yapo mferejini na kesho hayapo, kisima cha namna hiyo ni neema. Mwezi wa Shaabani wa mwaka jana maji yakapungua, na ndoo zikaanza kupanda na tope. Tukamwita fundi.

Fundi huyo ni mtu wa makamo, ameshinda visimani tangu ujana wake, na sifa zake zimeenea mtaani. Alitazama, akapima kwa kamba, akatutajia shilingi 18,000. Tulipomtaka atufafanulie, alisema kazi inahitaji watu watatu: yeye wa kushuka, mmoja wa kuvuta ndoo, na mmoja wa kushika kamba ya aliyeshuka. Kamati ikacheka. Mtu mzima alipwe ujira wa siku nzima kwa kushika kamba? Maneno hayo, tukiri, yalitoka kinywani mwetu na si mwa mwenzetu yeyote. Tukavutana bei hadi 14,000. Yule mtu wa tatu akaondoka katika hesabu, na fundi akaja na mpwa wake peke yake, kijana wa miaka 19.

Siku ya kazi, mambo yalianza kwa pampu. Hapa inafaa msomaji aelewe jambo moja, maana ndilo chanzo cha misiba mingi ya visima. Pampu ya kunyonya iliyowekwa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi takriban mita 7 au 8, hata injini yake ingekuwa na nguvu za kusukuma lori. Kinachoyapandisha maji katika bomba la kunyonya ni uzito wa hewa ya nje, nao una mpaka wake. Basi mafundi hufanya nini kisima kinapozidi kina hicho? Huishusha pampu yenyewe, pamoja na injini yake ya petroli, mpaka katika ukingo wa mawe ulio karibu na maji, kisha huiwasha huko huko. Ndivyo alivyofanya fundi wetu. Injini ikanguruma chini kama nusu saa, maji yakamwagwa uani, watoto wakafurahia kuyachezea. Kisha ikazimwa, ili yeye ashuke kuzoa tope.

Kijana akamwambia, "Mjomba, jifunge kwanza."

Fundi akamjibu kwamba kazi hii ameianza kabla mama yake huyo kijana hajaolewa. Wote tuliokuwapo tukacheka tena. Kijana hakucheka. Akaichukua kamba, akaisimamia ngazi kwa mguu, akasema hatashika ndoo wala hatavuta kitu mpaka mjomba ajifunge. Akayasema kwa adabu, macho chini, lakini hakuondosha mguu. Fundi akajifunga, nasi tuliona wazi kwamba amejifunga ili tu kelele zishe. Kamba ikapitishwa kwenye kapi lililoning'inia juu ya kisima, naye akashuka.

Ndoo mbili zilipanda zimejaa. Ya tatu ilipanda tupu. Kijana akaita, kukawa kimya. Akaita mara ya pili, huku mikono yake tayari inavuta. Sisi na mwenzetu mmoja tukaishika kamba nyuma yake. Uzito wa mtu asiyejisaidia ni uzito mwingine kabisa. Alipofika mdomoni mwa kisima alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa, na uso wake haukuwa na dalili yoyote ya maumivu. Tukamlaza uani penye upepo, akawa anavuta pumzi fupifupi.

Lakini hatujasimulia lililo muhimu. Kabla kamba haijaanza kukaza, katika zile sekunde chache za kimya, sisi tulikwisha kutia mguu ngazini. Tulikuwa tunashuka kumfuata. Hatukufikiri, moyo ndio uliotangulia. Kijana, mikono yote miwili ikiwa na kamba, akatukingia kwa bega na kusema, "Maalim, ukishuka wewe nitawavuta wawili kwa kamba gani?" Tukarudi juu.

Fundi alilazwa siku mbili, akapewa oksijeni kwa barakoa, na leo yu hai. Daktari alitueleza kwa maneno mepesi kilichotokea, na tangu siku hiyo tumesoma zaidi, kwani hatukutaka kurudia ujinga ule.

Moshi wa injini ya petroli una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi koo wala macho. Mtu anaivuta kama anavyovuta hewa ya asubuhi. Ndani ya damu kuna kitu kiitwacho himoglobini ambacho kazi yake ni kuibeba oksijeni kuipeleka mwilini. Gesi hii huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo oksijeni hukosa pa kupandia. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, kuhisi kichefuchefu, na miguu ikawa mizito. Aliye juu ya ardhi huenda akatoka nje, akapata nafuu. Aliye chini ya pima saba, akiitambua dalili, miguu ya kupandia ngazi imekwisha kumkimbia. Na kuzima injini hakutoshi, kwa sababu kisima ni kama chupa: kilichoingia humo hakitoki chenyewe kwa haraka. Hata damuni haitoki haraka. Katika hewa ya kawaida huchukua kama saa 4 hadi 6 kiwango chake kupungua nusu, ndiyo maana hospitalini walimpa oksijeni, ambayo huufupisha muda huo.

Hiyo ni moja. Katika mashimo ya choo, ambayo mitaa yetu mingi ya pwani inayategemea, iko nyingine iitwayo haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Wengi hudhani kwamba harufu ni mlinzi: ukinusa, kimbia, usiponusa, salama. Gesi hii ikizidi huua kwanza uwezo wa pua kunusa. Harufu inapotoweka ghafla, huenda ndipo hatari imepanda. Nayo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, mahali pale pale anapoinama mtu na beleshi lake. Na liko shimo lisilokuwa na sumu yoyote ila limekosa hewa, kwa sababu limefunikwa miezi mingi na vinavyooza ndani yake vimekula oksijeni. Hewa tunayoivuta ina oksijeni takriban asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 10, mtu huweza kuzirai kabla hajaweza kupiga ukelele.

Mafundi wa kale walikuwa na hekima yao: walishusha kandili kwanza. Kandili ikizimika, hakuna kushuka. Hatuidharau hekima hiyo, maana moto wa kandili huzimika oksijeni inapofikia kama asilimia 16 au 17, na hapo mtu bado hajazimia. Lakini enzi hizo hapakuwa na injini za petroli visimani. Kandili haina damu. Itawaka vizuri kabisa ndani ya kaboni monoksaidi inayotosha kumuua mwenye kuishusha, na katika shimo la choo lenye gesi inayowaka, ndiyo itakayolipua. Siku hizi kipo chombo kidogo cha kupimia gesi, kinachobanwa shatini na kulia pindi hewa inapoharibika. Fundi mmojammoja huenda asimudu bei yake, lakini mafundi kumi wa mtaa mmoja wakichanga wanaweza kuwa nacho kimoja cha kuazimana. Twachanga kwa harusi na kwa matanga. Sijui kwa nini hili lionekane la ajabu.

Turudi kwenye ule mguu wetu uliokuwa ngazini. Mwaka 1986 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu za namna hii, visima, matangi na mashimo, walikuwa watu walioingia kuokoa. Tulipoisoma hesabu hiyo tulikaa kimya kitambo. Wa kwanza huuawa na kazi, wa pili na wa tatu huuawa na mapenzi. Kaka humfuata kaka, baba humfuata mwana. Hapa pwani na kwingineko nchini, nani hajasikia habari ya shimo moja lililotoa jeneza mbili au tatu? Anayeshuka kumwokoa mwenzake bila ya kamba wala hewa haokoi mtu. Anaongeza kazi ya wachimba kaburi. Msaada wa kweli huandaliwa kabla: kamba iliyokwisha kufungwa kifuani au kiunoni mwa anayeshuka, kapi lililokwisha kutundikwa, na mtu mwenye nguvu aliyekaa juu asiye na kazi nyingine. Zaidi ya hapo ni kuita wazima moto wa kaunti au kupiga 999 au 112, na kuwazuia kwa nguvu wanaotaka kushuka, hata wakilia, hata wakitutukana.

Baada ya mkasa huo, waliokuja kumzuru fundi walikuwa na neno moja: ajali haina kinga. Nasi tukalisema pia, tukiwa tumesimama kwenye baraza ya hospitali, kwa sauti ile ya kutuliza nyoyo tunayoitumia matangani. Kijana alikuwa ameegemea ukuta. Akauliza, bila ya ufidhuli wowote, "Sasa Maalim, ile kamba ilikuwa nini?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tunalo sasa, na linaanzia katika lugha. Neno "ajali" tumelipata katika Kiarabu, "ajal", nalo maana yake ni muda uliowekwa, ukomo ambao kiumbe hauvuki. Wazee wetu walilitumia kwa maana hiyo hiyo: ajali ya mtu ni kifo chake kilichoandikwa. Kwa maana hiyo usemi ni wa kweli. Muda ukifika haucheleweshwi wala hautangulizwi. Kisha, kadiri siku zilivyopita, neno likashuka barabarani na viwandani, likawa ni jina la gari kupinduka, la fundi kuanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, la kidole kukatwa na msumeno. Usemi ukabaki vilevile, lakini kilichokuwa imani juu ya kifo kikageuka kuwa udhuru wa uzembe. Gari lisilo na breki likiua, tunasema ajali haina kinga. Breki ni nini, basi?

Wala hilo si somo geni katika dini. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari kwamba tauni imezuka huko. Akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwa maana ya kuwa anaikimbia kadari moja kuiendea kadari nyingine, kama mchungaji anayeliacha bonde kavu akalisha wanyama katika bonde lenye majani. Ndipo Abdurrahman bin Auf akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba nchi yenye tauni haiingiwi, na aliyemo hatoki kuikimbia. Tunalisoma tukio hili kwa wanafunzi kila mwaka. Tulilisoma mwezi uleule tuliomtoa mtu wa kushika kamba katika hesabu.

Na sheria ya nchi inasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imemwekea mwenye mahali pa kazi jukumu la kuhakikisha usalama wa wanaomfanyia kazi, na hilo ndilo jukumu la kwanza na kubwa. Lakini haikuishia hapo. Kifungu cha 13 kinamtaka mfanyakazi naye ajilinde, awalinde wenzake wanaoweza kudhurika kwa matendo yake au kwa kuacha kwake kutenda, na avae vifaa vya kinga alivyopewa wakati wote. Kifungu cha 14 kinamtaka aripoti hatari anayoiona, na mwenye kazi hana haki ya kumlazimisha arudi penye hatari kubwa ambayo bado haijaondolewa. Yupo pia mtu anayejiajiri mwenyewe, kama fundi wetu; sheria haikumsahau. Kuhusu mashimo yenye gesi, inataka kifaa cha kupumulia, mkanda na kamba, na mtu wa nje anayeishika ncha ya pili. Tazama: yule mtu wa tatu tuliyemcheka, bunge lilikuwa limekwisha kumwandika.

Iko sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, ya fidia za wanaoumia kazini, nayo ina jambo ambalo vijana wetu wa mijengo na bandarini wanafaa kulijua. Fidia haiangalii kosa la nani, mfanyakazi hulipwa hata kama hakuna wa kulaumiwa. Isipokuwa aliyejiumiza kwa ukaidi wa makusudi anaweza kuikosa, kama jeraha halikumletea kilema kikubwa wala kifo. Kofia ngumu iliyotundikwa msumarini kwa sababu "joto limezidi" huenda ikawa na maswali yake siku ya madai.

Tunasema haya kwa tahadhari. Wapo waajiri wanaolipenda sana somo la mfanyakazi kujilinda, kwa sababu linawapunguzia gharama. Humpa kibarua viatu vya mpira vilivyotoboka, kisha akikanyaga msumari wakamuuliza macho yake yalikuwa wapi. Hatumo katika kundi hilo, au tuseme tulikuwamo na tunajitoa. Fundi wetu aliijua kinga yake: aliitaja kwa mdomo wake katika hesabu ya kwanza. Sisi ndio tuliomwondolea. Kosa lake yeye lilikuwa kukubali, halafu kuyaegemea mazoea. Miaka thelathini ya kushuka na kupanda salama ilimfundisha kwamba atapanda tena. Mtu aliyeponea mara mia hana ushahidi kwamba njia ni salama, ana ushahidi tu kwamba bado hajafikiwa.

Na katika kisa chote, aliyesimamia wajibu wake sawasawa alikuwa mdogo kuliko wote na mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Jambo hilo limetushughulisha. Tunawalea watoto wetu wasimjibu mkubwa, na tunafanya vyema, kwani heshima ni nguzo ya nyumba zetu. Lakini tumewahi kuwafundisha namna ya kumkataza mkubwa jambo la hatari bila ya kumvunjia heshima? Yule kijana hakupaza sauti. Hakumwita mjomba wake mjinga. Alichofanya ni kuweka mguu kwenye ngazi na kukataa kushiriki mpaka kamba ifungwe. Kwa mama anayesoma haya naye ana mwana aendaye kazini kila alfajiri, kwenye kreni, kwenye ngazi za rangi, kwenye nyaya za umeme au kwenye mashua, tunaomba jambo moja dogo: jioni, pamoja na kumuuliza amepata kiasi gani, amuulize leo alishikiwa ngazi na nani. Ataona uso wa mwanawe utakavyobadilika.

Kisima sasa kina kifuniko cha chuma chenye kufuli. Pampu ya petroli haishuki tena. Tumenunua ya umeme inayozamishwa majini, ambayo haina moshi, na tumeilipia kwa mikopo miwili na subira nyingi ya mwenye duka. Hata hivyo tope halizoleki kwa pampu. Shaabani ya mwaka huu fundi akarudi, amekonda kidogo, mcheshi vilevile, pamoja na mpwa wake na kijana mwingine. Wakapuliza hewa ndani ya kisima kwa feni na bomba pana kwa muda mrefu kabla ya yeyote kushuka, na kifaa cha kupimia gesi, cha kuazima, kikateremshwa kwa uzi mpaka chini.

Kabla ya kuanza alitukabidhi karatasi ya hesabu. Mstari wa kwanza uliandikwa: mtu wa kushika kamba, siku moja. Tuliusoma, tukauweka mfukoni mwa kanzu, tukamlipa kama ulivyoandikwa.